Mwimbaji Asiye na Koo

Mwezi Mei 2025 mahakama ya Goyang, mji ulio pua na mdomo na Seoul nchini Korea Kusini, iliamua kesi ya matusi ya aina yake. Waliolalamika ni vijana watano wa bendi ya PLAVE. Aliyeshtakiwa ni mtumiaji wa mitandao ya kijamii aliyewaporomoshea maneno machafu, na utetezi wake ulikuwa mwepesi: hawa ni vikaragosi vya kompyuta, na kikaragosi hakitukaniki. Mahakama ikamkatalia. Ilisema avata ni chombo cha mtu kujieleza na kujitambulisha mbele ya wenzake, na inapojulikana wazi kuwa nyuma ya avata fulani yupo mtu fulani, tusi la avata humfika mwenyewe. Kila mmoja wa wale watano akaandikiwa fidia ya wani 100,000, sawa na kama dola 70 za Marekani. Ni hela ya mboga ukilinganisha na mamilioni ya wani waliyodai, lakini hukumu yenyewe imegusa swali ambalo tasnia ya muziki imekuwa ikilikwepa tangu enzi za santuri. Nyota wa kubuni anapoimba, anayeimba ni nani?

PLAVE waliingia sokoni Machi 2023. Kwenye skrini utaona vijana watano waliochorwa kwa mtindo wa vibonzo vya Kikorea, macho makubwa, nywele za rangi. Nyuma ya pazia wapo wanaume watano waliovaa mavazi yenye vitambuzi. Wakiinua mkono, kamera zinanasa mwendo ule, na programu ya Unreal Engine, ileile inayotumika kutengeneza michezo ya video, inauchora papo hapo kwenye mwili wa kikaragosi. Wanaimba wenyewe, wanatunga wenyewe, wanapiga soga na mashabiki moja kwa moja. Mitambo ikikorofisha, mkono ukajipinda kinyume au kichwa kikazama kifuani, mashabiki hucheka na kusambaza kipande hicho kuliko wimbo wenyewe. Machi 2024 walishika nafasi ya kwanza kwenye kipindi cha muziki cha televisheni wakiwapiku waimbaji wenye nyama na damu. Majina yao halisi kampuni inayowasimamia haiyatangazi.

Kwa hiyo tunapozungumzia nyota wa kubuni, tunatumia jina moja kwa viumbe wasiofanana. PLAVE ni watu waliovaa sura. Wapo wengine ambao ni sauti ya mtu iliyokatwakatwa na kuunganishwa upya. Na sasa wamezuka wengine ambao hawana mtu mmoja unayeweza kumnyooshea kidole, kwa sababu wamepikwa kutokana na mamilioni ya rekodi za watu. Kuwachanganya hawa wote ndiko kunakofanya mijadala ya vijiweni na ya bungeni iwe na kelele nyingi na nuru kidogo.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1969 wimbo ulioongoza mauzo ya mwaka nchini Marekani, "Sugar, Sugar", uliimbwa na The Archies, bendi ya wahusika wa katuni. Koo kuu lililotumika lilikuwa la Ron Dante, mwimbaji wa studio aliyekuwa akipita barabarani bila kutambuliwa. Gorillaz, waliobuniwa London mwaka 1998 na mwanamuziki Damon Albarn na mchoraji Jamie Hewlett, walicheza mchezo huohuo kwa ustadi zaidi, na hakuna aliyedanganyika wala aliyetaka kudanganya. Kati ya hao, mwaka 1996, kampuni ya Horipro ya Tokyo, iliyozoea kulea waimbaji vijana, iliona kwa nini isijitengenezee wake. Ikamchonga Kyoko Date kwa kompyuta, ikampa wasifu, mwendo na wimbo, na msichana halisi akamwimbia pasipo kutajwa sana. Magazeti yalimwandika kotekote duniani. Diski hazikununuliwa. Kompyuta za wakati ule zilikuwa nzito, naam, lakini kasoro kubwa ninavyoiona mimi ni kwamba alikuja akiwa amekamilika. Shabiki hakuachiwa kazi yoyote zaidi ya kutazama.

Aliyepindua meza ni Hatsune Miku, na huyu inafaa tukae naye kidogo, maana ndiye anayetajwa zaidi na kueleweka kidogo zaidi.

Tuanzie kwenye chombo. Mwaka 2000 kampuni ya Yamaha ya Japani, chini ya mhandisi Hideki Kenmochi, ilianza kushirikiana na Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona kutafuta namna ya kuifanya kompyuta iimbe. Matokeo yaliitwa Vocaloid, na sauti za kwanza ziliuzwa mwaka 2004 na kampuni ya Uingereza, Zero-G. Wazo lilikuwa la kibiashara na la kawaida kabisa: prodyuza mwenye ngoma za kompyuta, besi ya kompyuta na vinanda vya kompyuta anakwama kwenye sauti ya mtu, basi naye auziwe mwimbaji ndani ya boksi. Huko Sapporo, kaskazini mwa Japani, Hiroyuki Itoh alikuwa na kampuni yake ya Crypton Future Media tangu 1995, akiuza maktaba za sauti kwa watengenezaji muziki. Akachukua leseni ya Vocaloid. Bidhaa ya kwanza, Meiko, ilikwenda vizuri kwa kadiri yake. Ya pili, Kaito, ya mwaka 2006, ilidoda.

Kwa ya tatu Itoh alibadili mkakati. Badala ya kumtafuta mwimbaji, akamwendea Saki Fujita, mwigizaji wa sauti za katuni, kwa ajili ya wepesi wa sauti yake. Mchoraji KEI akapewa kazi ya kumpa umbo: msichana mwenye nywele ndefu za buluu-kijani zilizofungwa mikia miwili, nguo zake zikibeba rangi na vitufe vya kinanda cha Yamaha DX7 cha mwaka 1983. Jina lake linabeba maana ya sauti ya kwanza ya wakati ujao. Wasifu aliopewa ungeenea kwenye kadi ya mwaliko: miaka 16, sentimita 158, kilo 42. Hakuna wazazi, hakuna kijiji, hakuna kisa cha mapenzi. Tarehe 31 Agosti 2007 boksi likaingia dukani.

Sasa, anaimbaje? Fujita hakurekodiwa akiimba nyimbo. Alikaa studio akitamka mfululizo wa sauti zisizo na maana kwa kidatu kilekile, kisha kwa kidatu kingine, bila kupandisha hisia. Wahandisi hawakutafuta herufi moja moja. Walitafuta maungio: namna k inavyoteleza kuingia kwenye a, a inavyofungwa midomo kuingia kwenye m, kimya kinavyovunjwa na s. Sikio husamehe mengi, ila kwenye maungio huwa kali, na ukibandika herufi kavu bega kwa bega unapata sauti ya tangazo la kituo cha treni.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo Mwingereza hana. Kijapani kina irabu tano zilezile tulizonazo, na silabi zake karibu zote huishia kwa irabu. Kwa sababu hiyo wataalamu wa Yamaha walikadiria kuwa Kijapani kinahitaji vipande vya maungio kama 500 kwa kila kidatu, wakati Kiingereza, chenye konsonanti zinazosongamana mwisho wa silabi na irabu chungu nzima, kinadai kama 2,500. Ndiyo maana Miku wa Kijapani aliimba vizuri tangu siku ya kwanza, na Miku wa Kiingereza alichelewa hadi 2013 na bado matamshi yake yalilalamikiwa.

Chukua maneno mepesi kama "mama analia" uone kazi inavyofanyika. Kwenye skrini kuna miraba; upande wa kushoto umesimama ubao wa kinanda, na muda unakimbia kwenda kulia. Unachora vijiti sita, kila kimoja kwenye noti yake, na ndani ya kila kijiti unaandika silabi: ma, ma, a, na, li, a. Unabonyeza kitufe, na kompyuta inaimba. Inaimba sawasawa mno. Kila noti inaanza kwa wakati wake kamili na kukatika kwa wakati wake kamili, na hapo ndipo sikio linapokataa. Basi prodyuza anaanza kuharibu ule usahihi. "Li" anaisukuma mbele kidogo ili ichelewe kama mtu anayesita. Anaiacha ipande kutoka chini badala ya kutua juu moja kwa moja. Irabu ya mwisho anaipunguzia nguvu, anaiwekea mtetemo, lakini mtetemo uanze noti ikiwa nusu, kwa sababu mwimbaji wa kweli hushikilia kwanza ndipo atetemeshe. Kabla ya sentensi anapachika pumzi. Mstari mmoja unaweza kumla mtu usiku mzima, na mashabiki waliokomaa humtambua prodyuza kwa jinsi Miku wake anavyovuta pumzi.

Kilichofuata hakikupangwa na mtu yeyote Sapporo. Tovuti ya video ya Niconico ilikuwa imefunguliwa Desemba 2006, na upekee wake ulikuwa kwamba maoni ya watazamaji hupita juu ya picha yenyewe, kama umati unaopiga kelele ukumbini. Ndani ya wiki chache baada ya boksi kutoka, mtu akapandisha kikatuni kifupi cha Miku akiimba wimbo wa Kifini huku akizungusha kitunguu cha majani mkononi. Ulikuwa mzaha. Hadi leo kitunguu hicho ni alama yake, na wapo wanaokwenda nacho kwenye matamasha, cha plastiki au cha sokoni. Mwanzoni nyimbo nyingi zilimchukulia Miku kama mashine inayojizungumzia. Desemba 2007 prodyuza aliyejiita ryo alitoa "Melt", wimbo wa msichana anayependa, usiotaja kompyuta hata kidogo, na watu wa kawaida wakaanza kujirekodi wakiuimba. Tafakari hapo: mtu aliye hai akijitahidi kuifikia sauti ya programu.

Mwezi huohuo ukazuka ugomvi. Kampuni moja ya kuuza milio ya simu iliusajili mmoja wa nyimbo za mwanzo katika chama cha hakimiliki cha Japani na kuandika jina la Hatsune Miku mahali pa msanii, bila ridhaa ya Crypton. Watunzi walikasirika, mashabiki wakakasirika zaidi, na pande husika zikalazimika kukaa mezani. Kutokana na purukushani za namna hiyo Crypton ilinyoosha msimamo ambao kwangu mimi ndio uvumbuzi wake mkubwa, kuliko programu yenyewe. Wimbo ni mali ya aliyeutunga. Umbo ni mali ya kampuni, lakini kila mtu ana ruhusa ya kulichora, kulivalisha na kulichezesha mradi hauzi. Tayari ilikuwa imefungua tovuti ya Piapro ambako mtunzi asiyejua kuchora hukutana na mchoraji asiyejua kutunga. Mwaka 2012 picha rasmi za Miku zikawekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons isiyoruhusu biashara. Na lebo ya kuuza nyimbo za watunzi hao mtandaoni Crypton iliipa jina la KarenT, kwa heshima ya binti wa Alvin Toffler, mwandishi wa Marekani aliyetabiri mwaka 1980 kuwa mlaji na mzalishaji watakuja kuwa mtu mmoja. Itoh alikuwa msomaji.

Msomaji aliyekulia kwenye taarabu hataona maajabu katika mgawanyo huu wa kazi. Shairi lina mtunzi wake, muziki una wake, na mwimbaji huja na sauti. Ila noti za kutuza hubandikwa kwa mwimbaji, na mtunzi aweza kuwa amekaa nyuma hata chai hajanywa. Kwa Miku mambo yamegeuka. Mwimbaji hana mkono wa kupokea tuzo, ikabidi macho yahamie kwa mtunzi. Ndivyo jina la prodyuza lilivyokuja kuandikwa mbele kwenye kila video, na ndivyo kizazi kizima cha watunzi wa Japani kilivyopata jina bila kupitia mlango wa kampuni kubwa. Kenshi Yonezu, mmoja wa wanamuziki wanaouza zaidi nchini humo, alianza akiitwa Hachi, akitunga nyimbo za Miku. Ayase wa kundi la YOASOBI naye alipitia hukohuko. Mei 2010 albamu ya mkusanyiko wa nyimbo za Vocaloid ilikuwa tayari imeshika namba moja ya mauzo ya wiki nchini Japani.

Jukwaani mambo ni ya kitaalamu zaidi kuliko yanavyoonekana, na upotoshaji ni mwingi. Watu husema hologramu. Hologramu halisi hutengenezwa kwa mwanga wa leza, na ukisogea unaliona umbo lake kutoka pembe nyingine. Miku wa tamasha la Tokyo la Machi 9, 2010, na wa Los Angeles la Julai 2011, alikuwa picha iliyorushwa na projekta kutoka nyuma kwenye kioo kinachopitisha mwanga. Kioo chenyewe hakionekani gizani, kwa hiyo msichana anasimama hewani, miguu yake ikigusa sakafu ileile wanayoikanyaga wapiga gitaa. Ukikaa pembeni kabisa ya ukumbi udanganyifu unavunjika, anakuwa mwembamba kama karatasi. Bendi ni ya watu. Mpiga ngoma ana mlio wa kuhesabu sikioni, na haruhusiwi kuachana nao, maana nyota wake hawezi kumsubiri wala kumkonyeza kuwa arudie kiitikio. Kwenye muziki wa kawaida bendi humfuata mwimbaji anayepumua. Hapa humfuata saa.

Mwaka 2014 Miku alifungua maonyesho ya Lady Gaga huko Marekani, na Aprili 2024 akapanda jukwaa la Coachella kule California. Mwaka huohuo mashabiki wa Amerika Kaskazini walikuja juu: kwenye ziara yake ya huko kioo kilikuwa kimeondolewa, kikawekwa skrini ya taa za LED ya kawaida, mstatili mkubwa mweusi katikati ya jukwaa. Wimbo ulikuwa uleule, mwendo uleule, na picha pengine safi zaidi. Lakini walisema wamelipishwa tiketi kutazama televisheni. Malalamiko hayo yanafundisha kuliko vitabu vingi. Hakuna hata mmoja wao aliyeamini kwamba Miku yupo. Walichodai ni makubaliano: sisi tunajua, nanyi mnajua, ila tufanyieni heshima ya kumsimamisha sakafuni.

Biashara imeona faida nyingine, na hiyo hainifurahishi. Nyota wa kubuni hazeeki, haugui koo, hadai nyongeza, hapigwi picha akitoka klabu alfajiri. Mameneja wa Korea na Japani, waliozoea kuwatawala waimbaji vijana mpaka kwenye urafiki wao, wanaona humu suluhisho la kila kichwa kilichowahi kuwauma. Ninamtazama msichana wa miaka 16 ambaye atabaki na miaka 16 milele, asiyeweza kusema hapana, na sidhani kama ni bahati mbaya kwamba wengi wa viumbe hawa ni wasichana. Kwa shabiki nako kuna gharama. Mwaka 2018 mwanamume mmoja wa Tokyo alifanya sherehe ya kumwoa Miku, akawa anazungumza naye nyumbani kupitia kifaa chenye umbo la chupa kubwa. Mwaka 2020 kampuni iliyotengeneza kifaa hicho ikasitisha huduma ile, na mazungumzo yakaisha. Wengi walimcheka. Mimi ninaona mteja aliyedhani ana kitu kumbe alikuwa na usajili.

Na marehemu? Usiku wa kuamkia mwaka 2020, kwenye onyesho kubwa la muziki la televisheni ya NHK, aliimba Hibari Misora, malkia wa nyimbo za Japani aliyefariki 1989. Yamaha ilikuwa imeufundisha mtandao wa kompyuta rekodi zake za zamani, na mtandao ule ukaimba wimbo mpya, ambao yeye hakuwahi kuuona. Tofauti na Miku ni kubwa. Fujita aliketi studio akijua anachotoa na kwa ajili gani. Misora hakuulizwa, waliridhia warithi wake. Baadhi ya watazamaji walilia. Mwimbaji mkongwe Tatsuro Yamashita alipoulizwa na msikilizaji wa kipindi chake cha redio alijibu kwamba huko ni kukufuru. Ukilinganisha na ABBA, ambao mwaka 2022 walifungua onyesho la vivuli vyao London baada ya kujirekodi mwendo wiki tano mbele ya kamera 160, wakiwa hai wote wanne na wakiamua kila hatua wenyewe, utaona kuwa teknolojia inakaribiana na ridhaa iko mbalimbali.

Pale ridhaa na malipo vinapofichwa, aibu haichelewi. Agosti 2022 lebo ya Capitol ya Marekani ilimsaini FN Meka, rapa wa kidijitali mwenye sura ya kijana mweusi, kisha ikamtema katika muda wa siku chache. Wanaharakati walilalamika kuwa ni mzaha juu ya watu weusi uliotengenezwa na watu wasio weusi, ikiwemo picha yake akipigwa na polisi gerezani. Rapa mweusi wa kweli akajitokeza kusema kuwa sauti ya mwanzo ilikuwa yake, aliahidiwa fungu, akaambulia patupu. Pale palikuwa na koo; aliyekuwa nalo hakutakiwa kuonekana.

Tumefika kwenye aina ya tatu, ile inayotutisha leo. Programu za akili unde kama Suno na Udio hazina Fujita wao. Unaandika sentensi, unapewa wimbo mzima: sauti, ngoma, maneno, mpaka pumzi kabla ya kiitikio, ile ambayo prodyuza wa Miku aliipachika kwa mkono. Zimejifunza kwa kusikiliza, na Juni 2024 kampuni tatu kubwa za muziki duniani zilizishtaki zikidai kuwa kilichosikilizwa kilikuwa mali yao na hakuna aliyebisha hodi. Baadhi zimekwisha kupatana nazo kwa mikataba ya leseni, mikataba ambayo mwanamuziki wa kawaida hakuketi mezani ilipoandikwa. Katikati ya 2025 bendi ya The Velvet Sundown ilikusanya mamia ya maelfu ya wasikilizaji kwa mwezi kwenye Spotify kabla ya kukiri kwamba muziki wake umetungwa kwa msaada wa akili unde. Mwezi Aprili mwaka huohuo kampuni ya Deezer ya Ufaransa ilisema inapokea nyimbo zaidi ya 20,000 za namna hiyo kila siku, asilimia 18 ya zote zinazopandishwa kwake.

Wapo wanaosema hii ni hatua inayofuata tu baada ya Miku. Sikubaliani. Miku alifungua ajira ya watunzi, wachoraji, wachezesha picha na waimbaji waliomwiga. Kila wimbo wake una jina la mtu unayeweza kumsifu au kumlaumu. Wimbo wa Suno nao umejaa watu, tena wengi kuliko, ila wote wamesagwa mpaka haiwezekani kumrudishia mmoja wao hata shilingi. Sheria zimeanza kukimbizana na jambo hili. Jimbo la Tennessee, nyumbani kwa studio za Nashville, lilipitisha Machi 2024 sheria inayoilinda sauti ya mtu kama inavyolindwa sura yake, na wakaipa jina la Elvis. Mahakama ya Goyang imesema lake kuhusu heshima. Kuhusu pato, sehemu kubwa ya dunia bado iko njiani.

Je, Kiswahili? Ugumu hauko kwenye lugha. Tangu 2008 ipo programu ya bure ya Kijapani, UTAU, inayomwezesha mtu yeyote mwenye maikrofoni nzuri na chumba kimya kurekodi vipande vya sauti yake na kuvifanya viimbe. Irabu zetu ni tano na silabi zetu ziko wazi. Mwenye subira angeanza na jedwali la ba, be, bi, bo, bu na kushuka. Angekutana na mb, nd, nj na ng, ambazo lazima zirekodiwe zikiwa sauti moja, la sivyo "ndoto" itatoka kama "ni doto". Angehitaji gh na dh za mtu anayezitamka kweli, si za kusoma. Na angelazimika kuishughulikia m ya "mtoto" na "mchana", ile inayobeba pigo lake peke yake bila irabu. Kijapani kina n ya aina hiyo, kwa hiyo njia imeshachongwa.

Kazi ngumu ni ya karatasi. Mwimbaji wa Dar es Salaam au Mombasa atakayeombwa kusoma silabi hizo kwa malipo ya siku moja anahitaji kujua kwanza kama anauza siku moja au koo zima: kama sauti yake itaruhusiwa kuimba matangazo ya wanasiasa, kama itaimba matusi, kama atapata mrabaha kila nakala inapouzwa, kama jina lake litaandikwa kwenye boksi, na itakuwaje siku akifa. Crypton waliandika jina la Fujita waziwazi tangu mwanzo, na walipotaka Miku mpole, Miku mkali na Miku wa huzuni, kwenye toleo la mwaka 2010, walimwita tena studio arekodi upya.